Kabla ya kuondoa masharti ya dharura kwenye pilipili ya unga, tuangalie maghalani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie swali ambalo huzuka kila mara mamlaka za chakula zinapoweka masharti ya dharura kwenye kiungo kinachotoka nje ya nchi, yaani masharti hayo yaondolewe lini, na kwa ushahidi gani. Swali hilo lilirudi Aprili 2024, Hong Kong na Singapore zilipoagiza baadhi ya bizari za kuchanganya kutoka India ziondolewe madukani kwa kukutwa na ethilini oksaidi, gesi inayotumika kuua vijidudu. Katika biashara ya viungo, ambayo ndiyo inayonilisha, jibu ninalolisikia zaidi ni kwamba shehena zikipimwa kwa miezi kadhaa na zote zikatoka safi, basi dharura imekwisha na mlango ufunguliwe. Naielewa hoja hiyo, kwa sababu najua mzigo uliozuiliwa bandarini unavyomla mwenyewe kwa gharama za kila siku, lakini siamini kwamba inatosha.

Kinachonifanya niseme hivyo ni mkasa wa pilipili ya unga iliyotiwa rangi ya Sudan, ulioisumbua Ulaya kuanzia 2003, na ambao una faida ya kuweza kufuatiliwa tangu masharti ya dharura yalipowekwa hadi yalipoondolewa. Mei mwaka huo Ufaransa iliziarifu nchi wenzake, kupitia mfumo wa tahadhari ya haraka wa Umoja wa Ulaya, kwamba imekuta rangi iitwayo Sudan I kwenye bidhaa za pilipili kali zilizotoka India. Hiyo ni rangi ya viwandani, inayotumika kwenye vimiminika vya kuyeyushia, mafuta ya mitambo, nta na dawa ya viatu, na haikuruhusiwa kwenye chakula Ulaya wala India kwenyewe. Ilikwisha kuonekana kusababisha uvimbe kwa wanyama wa maabara. Kwa binadamu ushahidi ni hafifu kiasi kwamba Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliiweka kwenye kundi la tatu, la vitu ambavyo haviwezi kuainishwa, lakini kwa kuwa inashukiwa kuharibu vinasaba, wataalamu wa Ulaya walikataa kutaja kiwango chochote cha kuiita salama.

Tarehe 20 Juni 2003 Tume ya Ulaya ilitoa uamuzi wa dharura. Kila shehena ya pilipili kali na bidhaa zake, kutoka nchi yoyote iliyo nje ya Umoja huo, ilitakiwa kuandamana na ripoti ya maabara inayoonyesha kwamba haina Sudan I. Isiyo na ripoti ilizuiliwa na kupimwa kwa gharama ya mwenye mali, na iliyokutwa na rangi hiyo iliteketezwa. Januari 2004 masharti yalipanuliwa yakaingiza Sudan II, III na IV pamoja na unga wa kari, na Mei 2005 yakaongezwa manjano na mafuta ya mawese. Napenda msomaji auone mpangilio huo, kwa sababu unaonyesha jambo ambalo waombaji wa kufunguliwa mlango hulisahau: udanganyifu ukibanwa kwenye bidhaa moja, hutafuta bidhaa jirani yenye rangi inayofanana.

Ili kuelewa kwa nini mtu atie rangi ya viwandani kwenye pilipili, inabidi kukumbuka kwamba pilipili ya unga hununuliwa kwa macho kabla ya ulimi. Pilipili zinazofikishwa Guntur, katika jimbo la Andhra Pradesh, mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya pilipili kavu duniani, huwa na wekundu wa kung'aa zikiwa mpya; zikishasagwa na kukaa, mwanga, joto na hewa huufubaza wekundu huo hadi ukaelekea kahawia, na bei hushuka pamoja nao. Ipo pilipili ya Byadgi, kutoka Karnataka, ambayo haiwashi sana lakini hutafutwa kwa ajili ya rangi yake. Basi mtu mwenye magunia ya pilipili iliyofubaa, au aliyesaga mbegu na vikonyo vingi pamoja na maganda ili kuongeza uzito, anaweza kuirudishia sura kwa kiasi kidogo tu cha rangi ya bei rahisi, na mnunuzi akalipa bei ya pilipili mpya.

Wengi wetu tunakijua kipimo cha nyumbani: kijiko cha pilipili ya unga hutiwa kwenye glasi ya maji, na maji yakigeuka mekundu upesi muuzaji hutiliwa shaka. Kwa rangi za Sudan kipimo hicho hakina kazi, kwa kuwa haziyeyuki katika maji. Huyeyuka katika mafuta, na ndani ya mafuta nako haziwezi kutofautishwa kwa macho na wekundu wa asili wa pilipili, ambao pia hutoka kwenye mafuta mpishi anapokaanga. Mkaguzi hodari mwenye bambo mkononi, anayechoma gunia na kuitazama pilipili inayomiminika, hataona kitu. Kinachobaki ni maabara peke yake, na maabara hupima kile kilicholetwa mbele yake tu.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Februari 2005, zaidi ya mwaka mmoja na nusu baada ya masharti kuanza kufanya kazi, Mamlaka ya Viwango vya Chakula ya Uingereza ilitangaza kwamba Sudan I imo kwenye sosi ya Worcester iliyotengenezwa na kampuni ya Premier Foods. Iliyoligundua tatizo haikuwa bandari ya Uingereza. Sosi hiyo ilipimwa Italia. Ilipofuatiliwa, ikaonekana kwamba pilipili ya unga iliyotumika iliingia nchini mwaka 2002, kabla cheti chochote hakijatakiwa, na kwamba sosi yenyewe ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa viwanda vingine, ambavyo viliitia kwenye supu, soseji, piza, michuzi na vyakula vilivyopikwa na kufungashwa tayari. Mchele mmoja mapishi mengi, wasemavyo wahenga, na hapa pilipili moja ilizaa orodha ya bidhaa zaidi ya 400 zilizotakiwa kuondolewa madukani ndani ya siku chache, hesabu ambayo iliendelea kupanda baadaye. Mamlaka yenyewe iliwaambia wananchi kwamba hatari kwa mlaji mmoja mmoja ilikuwa ndogo sana, na sina sababu ya kupinga kauli hiyo. Hata hivyo, walaji walikuwa wamekula rangi hiyo kwa muda mrefu huku mamlaka zikiamini kwamba mlango umefungwa.

Tujiulize ingekuwaje kama, mwishoni mwa 2004, mtu angetazama vyeti vya shehena mpya peke yake na kutangaza kwamba dharura imekwisha. Angekuwa na karatasi za kumtetea, kwa sababu India ilikwisha kuanza kuchukua hatua, na Bodi ya Viungo ya nchi hiyo iliweka utaratibu wa lazima wa kuchukua sampuli za pilipili zinazosafirishwa nje na kuzipima. Angekuwa sahihi kuhusu bandari, na angekosea kuhusu maghala. Kiungo kikavu si nyanya. Pilipili iliyosagwa na kufungwa vizuri hukaa miaka miwili au zaidi, na ikishaingia kwenye sosi, kachumbari ya chupa au mchanganyiko wa bizari, huanza maisha mapya yenye tarehe mpya ya mwisho wa matumizi. Kwa hiyo muda wa kuhesabu kabla ya kuondoa masharti hauwezi kuanza siku masharti yalipotangazwa. Unapaswa kuanza siku ambayo mzigo wa mwisho ulioingia kabla ya masharti umekwisha kupimwa, kuliwa au kuteketezwa, na siku hiyo haijulikani mpaka mtu aende maghalani na viwandani kuuliza, kupima na kuandika.

Wapo watakaosema kwamba kwa mwendo huo masharti ya dharura hayataondolewa kamwe. Ulaya yenyewe inatoa jibu. Tarehe 25 Januari 2010 ilianza kutumika kanuni mpya ambayo iliufuta uamuzi wa dharura kuhusu pilipili, manjano na mawese, na sharti la kila shehena kuja na ripoti ya maabara likaondoka. Mahali pake ukaja utaratibu wa kuzuia na kupima shehena moja katika kila tano, kutoka nchi zote, kwa ajili ya rangi za Sudan. Mkazo huo ukapunguzwa baadaye, na hatimaye sharti hilo la nchi zote likatoka kwenye orodha. Naona busara kubwa katika ngazi hiyo ya kushukia, kuliko katika uamuzi wenyewe wa kuondoa. Aliyeondolewa sharti la ripoti hakuachiwa huru mara moja, wala hakuendelea kuadhibiwa kana kwamba ni 2003. Aliwekwa mahali ambapo udanganyifu ukirudi ungekutwa, na mwenye mali safi angeendelea na biashara bila kulipia maabara kwa kila kontena.

Jambo jingine lililo jema katika utaratibu huo ni kwamba orodha haikuachwa ilale. Kanuni inayotumika tangu Desemba 2019 inataka orodha ya bidhaa zinazokaguliwa zaidi ipitiwe upya katika vipindi visivyozidi miezi sita, na bidhaa huweza kuingia, kutoka au kubadilishiwa kiwango cha ukaguzi. Mawese ni mfano unaotugusa sisi wa Afrika. Masharti ya jumla yaliyoyahusu mawese ya nchi zote yalikwisha kuondoka, lakini orodha ya 2019 iliyataja mawese ya Ghana peke yake, nusu ya shehena zikitakiwa kupimwa rangi za Sudan. Wakamuaji wa Kigoma na ndugu zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambao mawese yao ni mekundu kwa asili na hayahitaji kusaidiwa na mtu, wana sababu ya kuufuatilia utaratibu huo kwa makini, kwa maana mawese ya asili ndiyo hutiliwa shaka pale walaghai wanapoipenda rangi yake.

Sitaki nieleweke kwamba kila dharura ni sawa na hii. Sumukuvu, kwa mfano, ni jambo la namna nyingine kabisa. Rangi ya Sudan hutiwa na mkono wa mtu, na mtu huyo akikosa faida huacha. Kuvu haina mkataba na yeyote, na huja msimu ambao mvua imenyesha wakati wa kuanika au ambao pilipili, karanga na mahindi vimeingizwa ghalani vikiwa bado na unyevu. Ulaya imeweka kikomo cha mikrogramu 5 za sumukuvu aina ya B1 kwa kilo ya pilipili kavu, na mikrogramu 10 kwa jumla ya aina zote, na kikomo hicho ni cha kudumu. Mwaka mmoja wa vipimo safi hausemi lolote kuhusu mwaka unaofuata. Kwa hiyo kwa sumukuvu sahihi ni kuiacha dharura iondoke mapema na kuweka mahali pake sharti la kudumu.

Hilo ndilo lililotokea karibu yetu. Machi 2021 Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na kabla ya wiki kuisha serikali ya Kenya ikalegeza zuio hilo kwa masharti kwamba waagizaji wasajiliwe na kila shehena iwe na cheti kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wakati ule wengi walicheka kwamba zuio limeanguka kwa siasa, na siasa haikukosekana, lakini masharti yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa na maana kuliko zuio. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni maelezo ya wazi kwa umma kuhusu vipimo vilivyofanywa kabla ya kuzuia na vilivyofanywa kabla ya kulegeza, kwa sababu amri ya kuzuia na amri ya kulegeza zote zilifika kwa wakulima kama habari za redioni.

Nalitaja hilo kwa kuwa siku moja zamu itakuwa yetu ya kuamua. Tangu 2019 usalama wa chakula Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, na Zanzibar ina Wakala wake. Tunaagiza viungo vingi kuliko tunavyokiri, hata sisi tunaojisifu kwa karafuu na iliki: binzari nyembamba ya pilau, giligilani na sehemu kubwa ya bizari za pakiti zinazopangwa madukani hutoka nje. Ikitokea kwamba kimojawapo kimewekewa masharti ya dharura, ningependa amri ya kuyaondoa iandikwe kwa uzito uleule wa amri ya kuyaweka. Itaje shehena ngapi zilipimwa, kutoka wapi, kwa njia gani ya maabara, na ngapi zilikutwa na kasoro. Itaje pia ni maghala na viwanda gani vya kusaga na kuchanganya vilivyokaguliwa, kwa aina yake kama haifai kwa jina. Amri ya kuweka masharti huwa na kurasa kadhaa. Ya kuyaondoa isiwe na mstari mmoja.

Ningependa pia kuondoa kuanze na kiungo kizima kabla ya kilichosagwa. Pilipili nzima kavu inaweza kupakwa rangi, lakini ni kazi, na mnunuzi mzoefu akiipasua ataona ndani kulivyo, ataona mbegu zake, ataona kama kikonyo kimeshika. Iliyosagwa haina ushahidi wa namna hiyo. Yeyote anayeijua biashara hii anajua kwamba uchakachuaji hufuata mashine ya kusaga, na kila hatua ya kuchanganya inayoongezwa baada ya hapo huufanya uwe mgumu zaidi kuukamata. Kuviweka vyote viwili chini ya amri moja, na kuviondoa vyote siku moja, ni kumwonea mwenye kiungo kizima mwanzoni na kumsamehe mwenye unga mwishoni.

Nimalizie na gharama, kwa sababu hapa ndipo masharti ya dharura yanapodumu kupita kiasi bila mtu kuona. Mimi hununua pilipili manga, iliki na mdalasini kwa wakulima wa milima ya Muheza, na mizigo yao hufika kwa mafungu madogo, gunia mbili kwa huyu, nusu gunia kwa yule. Ada ya kupima sampuli moja haijali kama nyuma ya sampuli hiyo kuna gunia kumi au kontena zima. Sharti la kupima kila shehena, likiachwa likae miaka baada ya hatari kupungua, humwondoa mdogo sokoni na kumwachia mkubwa, ambaye mara nyingi ndiye mwenye mashine ya kusaga. Kwa hiyo wakati masharti yangali yanahitajika, vyama vya ushirika viruhusiwe kuunganisha mafungu ya wanachama chini ya cheti kimoja, mradi kila gunia libaki na alama ya shamba lilikotoka, na sampuli ya akiba ya kila fungu ihifadhiwe na chama hadi mzigo ule utakapokuwa umekwisha kuuzwa huko ulikokwenda.

Wako mtiifu,

Mfanyabiashara wa viungo,
Muheza, Tanga